Nyumba Njema si Mlango: Juu ya Kukagua Nyumba Kabla ya Kuinunua



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaona halina nafasi katika tafakari ya paroko: ukaguzi wa nyumba kabla ya kuinunua. Tumelichagua kwa sababu iliyo wazi. Kati ya magomvi yanayoletwa mbele yetu na waamini wa jumuiya moja, yanayohusu nyumba zilizouzwa yamekuwa mengi, na ndiyo yanayochelewa kupona. Muuzaji husema ameuza alichokuwa nacho. Mnunuzi husema ameuziwa kaburi lililopakwa chokaa. Wote wawili hupokea Komunyo katika kanisa moja, na wote wawili huondoka kwa milango tofauti.

Tutazame kwanza hali ya mahali petu. Kambi ya Nduta, iliyowahi kuwapokea ndugu zetu wa Burundi katika miaka ya 1990 na baadaye ikafungwa, ilifunguliwa tena mwezi Oktoba mwaka 2015. Pamoja na wakimbizi walikuja watumishi wa mashirika waliohitaji mahali pa kulala na pa kufanyia kazi. Wenye viwanja mjini Kibondo na katika vijiji vya jirani walijenga, na wengi walijenga upesi, kwa maana kila mwezi uliopita bila mpangaji ulikuwa kodi iliyopotea. Baadaye wakimbizi walianza kurejea kwao, kambi ya Mtendeli wilayani Kakonko ikafungwa mwaka 2021, na wapangaji wakapungua. Nyumba zilizojengwa kwa haraka ili zipangishwe sasa hutafuta wanunuzi. Anayezitafuta ni mwalimu aliyepokea mafao yake ya kustaafu, au mkulima aliyeuza maharage na tumbaku ya misimu kadhaa, au kijana anayetaka kuoa. Wote hao wananunua mara moja tu maishani, na wote hufika kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, mavuno yanapokuwa yameuzwa, barabara ni kavu na rangi ya ukuta ni mpya.

Wahenga walituachia neno: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hili hutumika zaidi kwa watu, lakini lilitoka kwenye nyumba, na tunaweza kulirudisha huko.

Maandiko Matakatifu yenyewe yanaujua ukaguzi wa nyumba. Katika sura ya 14 ya kitabu cha Walawi, kuanzia aya ya 33, yapo maagizo juu ya nyumba iliyoingiwa na pigo kutani, madoa ya kijani au mekundu yanayoonekana kuzama ndani ya ukuta. Mwenye nyumba anatakiwa aende mwenyewe kumwarifu kuhani. Kuhani anaamuru nyumba itolewe vyombo vyote kabla hajaingia, kisha anaingia kuikagua. Akiona madoa, hatoi hukumu siku hiyo. Anaifunga nyumba kwa siku saba, kisha anarudi kuangalia kama yameenea. Yakiwa yameenea, mawe yaliyoathirika yanatolewa, kuta zinakwanguliwa kwa ndani, yanawekwa mawe mengine na kupakwa udongo mpya. Madoa yakirudi hata baada ya hayo, nyumba inabomolewa.

Tunaposoma sura hiyo huwa tunaipita haraka, tukidhani haituhusu. Lakini tazameni busara iliyomo. Mwenye nyumba ndiye anayetangaza kasoro. Anayekagua si mwenye nyumba wala si mnunuzi, ni mtu wa tatu asiye na faida katika jambo hilo. Nyumba inakaguliwa ikiwa tupu, kwa sababu kabati linaficha ukuta. Na ukaguzi unafanyika mara mbili, kwa sababu kasoro iliyosimama ni tofauti na kasoro inayokua. Mhandisi wa leo hangeongeza mengi juu ya kanuni hizo.

Hata hivyo, katika mazingira yetu kuna kikwazo ambacho hakipo katika kitabu cha Walawi, nacho ni haya. Tunazungumzia familia mbili za jumuiya moja, ambazo hatutazitaja. Mwalimu mstaafu alinunua nyumba kwa baba wa ubatizo wa mwanawe. Mkewe aliomba aitwe fundi aitazame kwanza. Mwalimu alikataa, akisema kwamba kumleta fundi katika nyumba ya mtu aliyemshika mtoto wao kisimani ni kumwita mwizi mbele ya watu. Walilipana, wakashikana mikono, wakanywa soda. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokolea, ukuta wa nyuma ulianza kufunguka kuanzia pembe ya dirisha, na dari ya chumba cha watoto ikashuka pamoja na papi zilizoliwa na mchwa. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini sehemu ya mafao iliyobaki, ambayo ilikuwa ya ada ya mtoto wa mwisho, iliingia katika mbao na saruji. Muuzaji aliapa kwamba hakujua habari za mchwa, na sisi tunaamini kweli hakujua, maana hakuwahi kupanda darini tangu bati lilipopigwa. Mpaka leo, wakati wa kutakiana amani, familia hizo mbili hukaa pande mbili za kanisa.

Wapendwa, haya ile iligharimu kuliko ukaguzi wowote. Mwalimu aliogopa kuuvunja urafiki kwa swali, na urafiki ukavunjika kwa ukimya. Kama fundi angepanda darini mwezi wa nane, wote wawili wangejua jambo moja kwa siku moja, na bei ingepangwa upya wakiwa bado wanasalimiana. Kumkagulia ndugu nyumba yake si kumkagua moyo. Mchwa hawaulizi nani ni mtu mwema. Ndiyo maana tunapendekeza ukaguzi uwe desturi ya kila mauzo, kwa rafiki na kwa mgeni, ili asiwepo anayeona ametuhumiwa.

Sasa, nani akague? Katika nchi nyingine ipo kazi maalumu ya mkaguzi wa nyumba, na mnunuzi huko hatii sahihi kabla ya kusoma taarifa yake. Kwetu kazi hiyo haijasimama peke yake, lakini ujuzi upo. Yupo mhandisi wa ujenzi, ambaye lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Yupo fundi sanifu wa majengo. Yupo fundi aliyehitimu VETA na kujenga kwa miaka mingi, anayejulikana kwa uaminifu. Anayetaka kuanza mahali salama aulize katika idara ya ujenzi ya halmashauri ya wilaya, aelekezwe kwa mtu mwenye sifa. Kwa nyumba ya ghorofa, au nyumba yenye nyufa kubwa, mhandisi aliyesajiliwa ni wa lazima.

Msimchanganye mtu huyo na wengine wawili. Dalali analipwa nyumba ikiuzwa. Hata akiwa Mkristo mwema, faida yake iko upande wa mauzo. Mthamini ni mtaalamu aliyesomea kazi yake, na benki humtumia kabla ya kutoa mkopo, lakini yeye huulizwa nyumba ina thamani ya shilingi ngapi. Afya ya msingi na ya kenchi ni swali jingine. Wapo waliosema, benki imeikubali, basi nyumba ni nzima. Hilo ni kosa.

Mkaguzi alipwe na mnunuzi mwenyewe, asiwe jamaa wa muuzaji, na ikiwezekana asiwe yeye atakayepewa kazi ya matengenezo, asije akashawishika kuona ugonjwa usiokuwapo. Na aandike. Mali bila daftari huisha bila habari. Maneno ya mdomo chini ya mwembe hayatasaidia baraza lolote miezi sita baadaye.

Sisi tuliosoma seminari si mafundi, lakini tumezunguka na mafundi katika ujenzi wa vigango, na tumejifunza kwao mambo ambayo kila mnunuzi anaweza kuanza kuyatazama kabla hajamwita mtaalamu.

Kwanza, wakati. Mvua zetu huanza mwezi wa kumi na kuendelea hadi mwezi wa tano. Nyumba iliyotazamwa mwezi wa nane imesema nusu ya habari zake. Ukiweza, rudi siku ya mvua, usimame ndani, halafu usimame nje uone maji yanakimbilia wapi. Maji yakituama kwenye msingi, jua kwamba kila mwaka yatafanya hivyo. Kama huwezi kusubiri, waulize majirani. Jirani ameiona nyumba hiyo katika kila masika.

Pili, kiwanja. Kwetu vichuguu ni vingi, na udongo wake hupendwa na wafyatua matofali. Kiwanja kilichosawazishwa juu ya kichuguu kina hatari mbili: mchwa waliobaki chini, na ardhi isiyo na ugumu ulio sawa, hivyo upande mmoja wa nyumba unaweza kutitia kuliko mwingine. Uliza kama udongo uliwekwa dawa ya mchwa kabla ya kumwaga jamvi.

Tatu, nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka. Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, au unaotoka pembe ya mlango na dirisha kwenda juu kwa mshazari, huashiria msingi uliotitia au ukuta usio na linta imara. Ufa unaopokea kidole kidogo usijadiliwe bila mhandisi. Kama mna nafasi ya majuma machache, fanyeni kama kuhani wa Walawi: wekeni alama ya kalamu kwenye ncha za ufa, andikeni tarehe, kisha mrudi. Ufa uliovuka alama unaishi. Na milango iseme pia: mlango unaokwama juu katika nyumba changa unaonyesha kwamba fremu imepinda pamoja na ukuta.

Nne, matofali. Nyumba nyingi hapa ni za matofali ya kuchoma. Yaliyoiva vizuri hulia kwa sauti kali yanapogonganishwa. Yaliyokaa pembezoni mwa tanuri, mbali na moto, hulia kwa uzito na hulainika yakikaa majini. Ukuta uliopigwa lipu huficha hayo yote, kwa hiyo tazameni mahali palipo wazi, kama upande wa choo, stoo, au juu ya dari.

Tano, unyevu. Gusa ukuta karibu na sakafu. Rangi inayobanduka, unga mweupe kama chumvi, au rangi mpya iliyopakwa chini tu kwa kimo cha goti, huonyesha maji yanayopanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi cha unyevu. Vyumba vya namna hiyo huleta ukungu, na watoto wenye pumu huteseka.

Sita, paa. Mtu apande darini mchana, mlango ukiwa umefungwa, atazame tundu za misumari zinazoingiza mwanga. Achome mbao za kenchi na papi kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wamekwisha kula. Atafute vijia vya udongo vinavyopanda ukutani. Aulize geji ya bati, akikumbuka kwamba namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: la geji 28 ni nene kuliko la geji 30.

Saba, umeme, maji na choo. Umeme uwe umetandazwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, na waya wa kupeleka umeme ardhini uwepo kweli, usiwe kipande cha chuma kilichochomekwa ili kionekane. Shimo la choo likae mbali na kisima. Umbali unaoshauriwa ni angalau mita 30, nalo lisiwe upande wa juu wa mteremko.

Kwa hati tutapita haraka, kwa sababu wengi mnazijua. Mjini, omba upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ili ujue mmiliki ni nani na kama nyumba imewekwa rehani. Kijijini, ardhi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Halmashauri ya Kijiji lazima ihusishwe. Na jambo moja tunalisisitiza kama wachungaji wa ndoa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anayemkwepa mke wa muuzaji amenunua kesi na machozi ya mtu.

Yote hayo yaandikwe katika mkataba: kwamba mauzo yatakamilika baada ya ukaguzi, na kwamba kasoro kubwa ikipatikana, malipo ya awali yatarudishwa au bei itajadiliwa upya.

Tunaweza kuuliza: je, si kujisumbua bure? Tukumbuke yaliyotokea. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Watu zaidi ya 20 walifariki, na Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza majengo ya eneo hilo. Huko ni mbali na huku kwetu hatuna maghorofa mengi. Lakini tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, mkoa wa jirani. Watu wasiopungua 17 walifariki, maelfu ya nyumba yakaharibika, na shule ya Ihungo ikabomoka hata ikajengwa upya. Zilizoathirika sana zilikuwa nyumba za kawaida kama zetu. Nasi tunaishi kandokando ya bonde la ufa. Wenye umri wanakumbuka mtikisiko wa tarehe 5 Desemba 2005 uliotoka chini ya Ziwa Tanganyika. Ukuta usio na mkanda wa zege wala linta ya kuufunga unasimama kwa uvumilivu tu.

Hapa kuna jambo zito zaidi. Nyumba inapopasuka kwetu, bado wapo wanaouliza ni nani aliyetupa kitu usiku, na jirani mzee mwenye macho mekundu hujikuta mashakani. Bwana wetu aliulizwa jambo la namna hiyo. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Mnara uliwaangukia, basi. Anawaita wasikilizaji kujitazama wenyewe. Kanisa linafundisha hivyo hivyo: ufa ni swali kwa msingi na kwa maji ya mvua. Taarifa ya mkaguzi, iliyoandikwa kwa lugha ya kawaida kwamba msingi una kina kifupi na mbao zimeliwa, inaweza kuokoa maisha ya bibi kizee asiyehusika.

Tunamalizia kwa upande wa muuzaji, kwa kuwa dhamiri yake ndiyo inayosahaulika. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Summa yake anapozungumzia haki katika kuuza na kununua, anauliza kama muuzaji anawajibika kueleza kasoro ya kile anachokiuza. Anajibu kwamba kasoro ikiwa imefichika, na ikiweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji anawajibika kuisema. Na kati ya mifano yake yumo mtu anayeuza nyumba iliyo karibu kuanguka kana kwamba ni imara. Kama kasoro inaonekana wazi, halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei inavyostahili. Mafundisho hayo yana zaidi ya miaka 700, na yanatosha kabisa kwa Kibondo. Anayepaka rangi juu ya ufa juma moja kabla mnunuzi hajafika, anajua anachofanya. Hilo ni jambo la kitubio, na kitubio cha mali hudai malipizi: arudishe kilichozidi.

Mwenye kuuza kwa haki hana sababu ya kumwogopa mkaguzi. Tunaifahamu familia iliyomkaribisha mhandisi wa mnunuzi kwa chai, naye akakuta waya wa umeme umeungua juu ya kitanda cha mtoto wao. Nyumba haikuuzwa mwaka ule. Mtoto yupo, na mwenye nyumba huwaambia watu kwamba mgeni yule alitumwa.

Kwa juma hili, basi, tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo watenge dakika chache baada ya sala kuzungumza jambo hili. Wataje mafundi waaminifu wanaowajua. Wenye nyumba wapande darini kwao wenyewe kabla ya mvua kuanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na familia zile mbili tulizozitaja, zikisoma hapa, zijue kwamba mlango wa nyumba ya mapadre uko wazi jioni yoyote, na kwamba tuko tayari kukaa nazo na kupiga hesabu ya zile mbao, shilingi kwa shilingi.

Mwenyezi Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.